Sakafu Inang'aa, Kitambaa cha Jikoni Je?

BARAKA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo tunaongelea usafi wa nyumba yenye watoto wadogo, na dada Zuhura ameshanikunjia uso kwa sababu kwenye karatasi yangu nimeandika "nyumba isiyo na kijidudu hata kimoja".

ZUHURA: Futa hiyo, kaka Baraka. Nyumba ya hivyo haipo, na hata ingekuwepo mtoto haihitaji. Bakteria wamejaa kwenye ngozi zetu, mdomoni, tumboni, na wengi wao hawamdhuru mtu. Tunavyoviwinda ni vijidudu vya kuharisha, vya kutapika, vya mafua. Hivyo vina njia zake za kupita, na kazi yetu ni kuziba njia.

BARAKA: Njia zipi? Maana kuna mzazi anatusikiliza hapa dekio liko mkononi.

ZUHURA: Aliweke chini kwanza. Sakafu tunaihangaikia kwa sababu inaonekana, mgeni akija anaiona. Lakini virusi vya kuharisha vinatoka kwenye nepi, vinapanda kwenye mkono wa aliyembadilisha mtoto, mkono unashika bomba, kitasa, chuchu ya chupa, basi vimeshafika. Ufuate mkono, utaona vingi kuliko kwenye vigae.

BARAKA: Ila kwa mtoto anayetambaa, sakafu ndiyo sahani yake.

ZUHURA: Ndiyo, kwa hiyo viatu vya nje viishie mlangoni, na pale anapochezea pafutwe kwa maji na sabuni. Inatosha. Kumwaga dawa ya kuua vijidudu sebuleni kila asubuhi ni kupoteza dawa tu, na mabaki yake atakayeyalamba ni huyo huyo mtoto.

BARAKA: Turudi kwenye mikono. Kuna daktari mmoja, Ignaz Semmelweis, alikuwa Vienna mwaka 1847. Madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti wanaingia moja kwa moja kuzalisha. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini, na vifo vya wazazi wodini kwake vikashuka sana. Wenzake wengi wakamkatalia.

ZUHURA: Na mpaka leo tunabishana na watoto kwenye sinki! Mtazame mtoto wa miaka mitatu akinawa: anapitisha viganja kwenye maji, anapangusia nguo, amemaliza. Vidole gumba havijaguswa, ncha za vidole hazijaguswa, na ncha ndizo zinazoingia mdomoni. Simama nyuma yake, mikono yako juu ya yake, sabuni ipite katikati ya vidole na chini ya kucha kwa sekunde 20, kisha maji, kisha taulo kavu. Mkono mbichi unabeba na kuachia vijidudu kirahisi zaidi kuliko mkavu.

BARAKA: Sabuni gani? Madukani kuna zile zilizoandikwa zinaua kila kitu.

ZUHURA: Sabuni yoyote. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilizuia sabuni za kunawia zenye triklosani, kemikali ya kuua bakteria, na viambato vingine 18, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha kwamba zinaishinda sabuni ya kawaida. Usilipie zaidi maandishi ya kwenye paketi.

BARAKA: Na vitakasa mikono?

ZUHURA: Viwe na alkoholi asilimia 60 au zaidi, na mkono usiwe na uchafu unaoonekana. Ila nyumba ikiingiwa na norovirusi, ile ya kutapika ghafla, usivitegemee. Hapo ni sabuni na maji.

BARAKA: Kitu kinachonikera mimi ni kitambaa cha jikoni. Kile kile kimefuta ubao uliokatiwa nyama mbichi, kimefuta meza, halafu kinamfuta mtoto mdomo.

ZUHURA: Na usiku kinalala kimekunjwa pembeni ya sinki, kimelowa. Bakteria hawaombi zaidi ya hapo: unyevu, mabaki ya chakula na joto la jikoni. Sponji ni hivyo hivyo. Mtoto awe na kitambaa chake, cha jikoni kifuliwe kwa maji ya moto kila siku na kianikwe kikauke kabisa. Ukinilazimisha nichague kati ya kudeki na kukausha hicho kitambaa, nachagua kitambaa bila kufikiri.

BARAKA: Midoli?

ZUHURA: Ya plastiki, sabuni na maji. Ya manyoya, ifuliwe na ikauke mpaka ndani. Usihangaike nayo kila jioni. Hangaika pale mtoto alipougua au mwenzake aliyekuja kucheza ameitia mdomoni.

BARAKA: Basi lini tunaitoa jiki, ile dawa ya klorini?

ZUHURA: Mtu akiharisha au akitapika ndani. Na kuna utaratibu wake, maana wengi wanaimwaga juu ya uchafu wenyewe. Uchafu unaila klorini ikaisha nguvu kabla haijafika kwenye virusi. Zoa kwanza, osha kwa sabuni, halafu ndiyo klorini. Kama chupa imeandikwa asilimia 5, changanya mililita 20, yaani vijiko vinne vya chai, kwenye lita moja ya maji ya baridi. Paka, acha angalau dakika 5, suuza pale mtoto anapogusa. Uliyochanganya leo usiitunze ya kesho, nguvu inapungua. Na fungua madirisha.

BARAKA: Wengine wanaongeza siki ili iwe kali.

ZUHURA: Hapana, hapana! Klorini na siki vinatoa gesi ya sumu. Na dawa zenye amonia vile vile. Kwenye choo kidogo, mlango umefungwa, mtu anaweza kuzimia humo.

BARAKA: Kabla hatujafunga, kuna ile hoja kwamba uchafu unamkomaza mtoto.

ZUHURA: Imetokana na David Strachan, Mwingereza, mwaka 1989. Aliona watoto wenye kaka na dada wengi wanapata mzio wa chavua kwa uchache. Mimi ninachochukua hapo ni kwamba mtoto acheze na udongo, ashike majani, aishi na wanyama. Kinyesi na nyama mbichi havimo kwenye hiyo hoja. Acheze, kisha anawe kabla ya kula.

BARAKA: Na chupa zenyewe za dawa tunaziweka wapi?

ZUHURA: Juu, kwenye kabati lenye kufuli, ndani ya chupa yake ya asili. Usihamishie klorini kwenye chupa ya soda hata siku moja; mtoto anaijua chupa ya soda, hajui kilichomo. Akishakunywa usimtapishe, maana inaunguza koo mara ya pili ikipanda. Msuuze mdomo, mkimbize hospitali, na chupa uende nayo, daktari asome mwenyewe kilichoandikwa.