Mpeni Karani Zamu ya Kuwa Mwizi

(Mhadhara kwa mawakala wa forodha na wafanyakazi wao, Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya)

Asanteni. Wa nyuma mnanisikia? Kwa honi hizi za malori itabidi nipige kelele, mniwie radhi.

Sitaanza na virusi vya kompyuta. Virusi mmeshahubiriwa vya kutosha. Alikuja kijana na tai yake, akawasha projekta, akasoma slaidi 40, mkasaini daftari la mahudhurio, mkala sambusa, mkarudi kazini. Wiki haijaisha, karani akabonyeza kiungo kilekile cha mtego alichoonyeshwa. Bosi akafoka, "Lakini tuliwafundisha!" Hamkuwafundisha. Mliwasomea.

Hivi nani hapa alijifunza matatu kwa kusomewa kanuni? Nasema matatu ya karata, si ile gari ya abiria ya ng'ambo ya daraja inayokwenda Nairobi. Ulikaa, ukatupiwa mbili, ukaokota, ukaokota tena, mkono ukajaa karata, ukachekwa, na kesho yake ukarudi palepale. Omweso, bao letu la Uganda, vilevile: mashimo 32, kete 64, na sijaona mzee aliyempa mjukuu wake kitabu cha maelezo. Alimfunga tu, jioni baada ya jioni, mpaka siku moja mtoto akasita kabla ya kuokota kete. Kule kusita ndiko ninakokutafuta. Sasa niambieni: mfanyakazi wako anafungwa wapi, kabla hajafungwa na mwizi wa kweli?

Kuna kisa nimekisimulia mara nyingi. Waliokwisha kukisikia wavumilie, sina kingine kizuri kama hiki.

Ofisi moja ya klering'i, ya kutoa mizigo forodhani, sitaitaja, iliniita niwafundishe watu wake. Nikaenda na mkasi na karatasi za manila. Tukakata karata. Rundo la kwanza ni mawindo: malipo ya mteja, nywila ya mfumo wa forodha, mafaili ya wateja. La pili ni njia: simu, imeli, mgeni wa mapokezi. Mmoja anakuwa mwizi, wengine wanabaki kuwa ofisi. Masharti mawili tu: mwizi haruhusiwi kugusa kompyuta ya mtu, na ana dakika 15. Silaha yake ni mdomo.

Zamu ya tatu ikamwangukia mama wa mapokezi. Mtulivu, muda wote alikuwa kanyamaza. Akavuta "malipo ya mteja", akavuta "simu". Akaniuliza taratibu, "Mwalimu, naruhusiwa kutumia ninachokijua?" Nikamwambia tumia. Akatoka nje. Tukasikia dirisha la koridoni likifunguliwa, lile linaloelekea barabarani, na kelele za malori zikaingia. Kisha simu ya mhasibu ikalia.

"Dada, mimi taniboi wa lile lori la simenti. Dereva wamemshika kwenye mizani, simu yake imezima. Mzee nimempigia, yuko barabarani anaendesha, hapokei. Wanataka hela iingie namba hii kabla ya saa kumi, la sivyo mzigo unalala mpaka Jumatatu."

Ilikuwa Ijumaa, saa tisa na nusu. Mhasibu akatazama saa ya ukutani. Akatazama kiti cha mzee, yaani bosi wao, kitupu kweli, maana mzee alikuwa barabarani kweli. Kisha akaisukuma mezani karata iliyoandikwa shilingi milioni 18.

Tulicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Akasema, "Nilijua ni mchezo. Nilijua ni mama yetu huyu. Lakini nikisikia mzigo unalala, mkono unakwenda wenyewe."

Ndugu zangu, nyinyi mnaijua gharama ya mzigo kulala, sina haja ya kuwaeleza. Basi hapo ndipo mwizi anapoingilia. Hapiti kwenye kompyuta, anapita kwenye hofu ya stoo, ile gharama ya mzigo kulala. Ni mtaalamu gani wa Kampala angejua kwamba ofisi ile Ijumaa alasiri haina mtu wa kusema hapana? Mama wa mapokezi alijua. Miaka yote kakaa pale akiyaona matundu, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Alipopewa kuwa mwizi, akayataja yote kwa dakika nne.

Kabla sijaondoka mhasibu mwenyewe akatunga kanuni: namba mpya hailipwi mpaka mteja apigiwe kwenye namba iliyomo kwenye faili, na mzee akisafiri aache mtu mwenye ruhusa ya kukataa. Mimi sikusema neno.

Naona mzee pale anatikisa kichwa. "Unawafundisha watu wizi." Mzee wangu, mwizi hasubiri semina yangu. Mwingine atasema michezo ni ya watoto. Haya, 2010 Adam Shostack, akiwa Microsoft, alitengeneza karata za kuwafundisha waunda programu kuwaza kama mshambuliaji, na hao si watoto. Kabla yake, 2007, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani walikuwa na mchezo wa samaki mdogo anayeitwa Phil. Kila mnyoo una anwani ya tovuti, Phil anaamua ale au akatae, kwa sababu mwingine ni chambo. Waliocheza wakatambua tovuti za uongo vizuri zaidi kuliko walivyokuwa kabla. Sisi watu wa Ziwa Victoria tungeuleta mchezo ule wa kwanza duniani, tulichelewa tu.

Na yule wa "sisi wadogo, nani atatuibia?" Novemba 2024 Henry Musasizi, waziri wa nchi wa fedha wa Uganda, alisimama Bungeni akakiri kwamba akaunti za Benki Kuu zimeingiliwa. Benki Kuu! Wewe mwenye ofisi ya vyumba viwili na mlinzi anayelala una kinga gani?

Ila si kila kinachoitwa mchezo ni mchezo. Kuna mabosi wanatuma imeli ya mtego, halafu jina la aliyenaswa linabandikwa ubaoni. Huo ni uviziaji. Matokeo yake siku akinaswa kweli atanyamaza, atafuta ile imeli, atakwenda chai, na wewe utajua Jumatatu. Ninachotaka ni mtu apige kelele ndani ya dakika tano: "Nimebonyeza!" Apigiwe makofi. Nimesema apigiwe makofi, msinitazame hivyo. Na bosi naye acheze, afungwe mbele ya watu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na sehemu ya nywila, naiacha. Ila hili msilisahau, sheria ya Uganda ya kulinda data ya 2019: taarifa za wateja zikivuja unatakiwa kuiarifu mamlaka mara moja, si mpaka mkae kikao. Oktoba 2020, ile kampuni inayounganisha benki na pesa za simu ilipoingiliwa, mnakumbuka jinsi kutuma hela kulivyosimama. Hiyo ni mada ya siku nyingine.

Karata zipo kwenye bahasha hii. Watu watano watano, vuteni viti. Mkurugenzi, samahani, leo wewe ni mlinzi wa geti. Mwizi awe yule dada wa chai.