Mkojo ukilala kwenye kibofu ndo jiwe linapoanzia

Mbukwenyi wazee wangu, mama zangu, na nyie vijana wa bodaboda kule nyuma sogeeni basi, hii inawahusu.

Aliyepita kinamasi cha Bahi hapa Dodoma kiangazi ameona, maji yakikauka chini panabaki peupe, ile ni chumvi na haikuja na jua, ilikuwemo majini siku zote ila imeyeyuka huioni. Mkojo nao hivyohivyo, una kalsiamu, una asidi ya yuriki, una fosfeti, na kibofu kinatunza kama nusu lita hivi halafu kinatakiwa kimwage chote. Chote, jamani.

Sasa mzee tezi dume ikivimba inabana njia, anakojoa ila mwingine unabaki, kesho tena unabaki, vile vichembe vinapata muda wa kushikana, kinaanza kama punje ya mchanga halafu kinavaa tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Ndo maana wagonjwa wengi ni wanaume watu wazima. Mawe mengine yanashuka kutoka kwenye figo yanakwama humo yananenepa, mpira wa mkojo ukikaa sana nao unaota ganda, na wapo bakteria wanaovunja yurea, ile taka iliyomo kwenye mkojo, kuwa amonia, hapo jiwe linakua haraka kweli. Hata watoto wanapata, hasa anayelelewa kwa nafaka tupu bila maziwa.

Maji yetu ya kisima mnayalaumu sana kwa chumvi yake, mimi naogopa zaidi mtu anayeshinda juani hanywi kitu mpaka mkojo unatoka kama chai ya rangi.

Baba yangu mdogo alikuwa akikojoa unakata ghafla, mpaka ajilaze upande ndo unaendelea, mwishoni tone la damu. Aliona aibu kusema, na sisi tukadhani uzee, kumbe jiwe lilikuwa linaangukia kwenye tundu la kutokea linaziba kama kizibo. Lilipotolewa nililishika, la manjano, lina vinundunundu, zito kuliko nilivyotegemea. Iliniuma sana. Halafu huko alikotibiwa walitoa jiwe, tezi wakaiacha, haukupita muda likarudi, safari ya pili ndo wakashughulikia vyote viwili.

Kwa hiyo ukimpeleka mzee wako, kabla hamjatoka uliza: na tezi je?

Haya, mama wa kanga ya njano, ulinyoosha mkono.