Kizibo kisichokukaa hakikukingi: mazungumzo na mafundi, wapulizaji wa korosho na watu wa mziki, Mtwara mjini

Asanteni, kaeni jamani, nafasi zipo huku mbele. Waliotoka Tandahimba na Newala poleni na safari, najua msimu huu kila mtu ana shamba linamsubiri.

Leo ni habari ya kelele na vizibo vya masikio. Naanza na mashine ya kupulizia mikorosho maana naona wengi humu ndani mnaibeba. Ile bloa ya mgongoni. Injini iko wapi? Iko nyuma ya shingo, yani kutoka kwenye ekzosi mpaka sikioni kwako ni shubiri mbili tatu tu. Unaiwasha alfajiri upepo haujaanza, umande bado uko kwenye majani na maua ili dawa ya salfa ishike, unatembea nayo mpaka jua likolee, na kesho tena, na wiki ijayo tena kwa sababu ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, hausubiri mtu. Mtu anajifunga kitambaa puani, mwenye miwani anavaa miwani, masikio yako wazi. Salfa tunaiogopa kwa sababu inawasha macho palepale. Kelele haiwashi, ndio maana inatumaliza taratibu.

Mashine za aina ile kwa aliyezibeba zinafika desibeli 95, 100, zingine zinapita hapo. Sasa desibeli, ndo kipimo cha ukubwa wa kelele, zina hesabu yake, naomba mnifuate: ukiongeza 3 tu, nguvu inayoingia sikioni imekuwa mara mbili. Ndio maana kipimo wanachokitumia watu wa afya kazini, hiki cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, kinasema desibeli 85 unaweza kukaa nazo masaa 8 kwa siku, zikiwa 88 masaa 4, zikiwa 91 masaa 2, 94 saa moja, 97 nusu saa, na 100 ni dakika 15. Dakika 15 kwa siku nzima! Mpulizaji ameshamaliza mgao wake kabla hajageuza mstari wa pili wa mikorosho, na wa grenda vilevile, na kijana anayeshinda kwenye mashine ya kusaga hivyohivyo. Huna kipimo? Simama na mwenzako umbali wa mkono mmoja, ukiona lazima upaze sauti ndo akusikie basi hapo mmeshapita 85.

Ndani ya sikio kinachoumia sio ngoma ya sikio kama wengi wanavyodhani. Mbele zaidi, ndani ya mfupa, kuna kiungo kidogo kimejikunja kinaitwa koklea, na humo kuna seli zenye vinyweleo, kama elfu 15 hivi kwa kila sikio, hizo ndo zinabadilisha sauti kuwa taarifa ya kwenda kwenye ubongo. Umezaliwa nazo hizo, hakuna zingine zinakuja. Kuku zikiharibika zinaota tena, hilo limeonekana kwenye maabara tangu miaka ya 1980, binadamu haziotagi. Ukitoka kwenye mziki usiku au kwenye mashine unasikia masikio yanalia nzii na watu wanaongea kwa mbali, kesho yake yanafunguka unasema nimepona. Hapana ndugu yangu, yamechoka yakapumzika, lakini kila ukirudia kuna zinazokufa moja kwa moja, na ule mlio siku moja hauondoki tena, unalala nao unaamka nao. Kuna mtu humu anajua ninachosema, nimeona ametikisa kichwa.

Na zinazoanza kufa ni za sauti nyembamba, kwenye mawimbi ya herzi 4000 hivi. Hapo ndo wanapodanganyika watu. Mtu anasikia ngurumo, anasikia gari, anasikia besi ya spika, anasema mimi niko fiti. Lakini s, f, sh, t, k ziko kwenye sauti hizo nyembamba, kwaiyo ukimwambia "pata" anasikia "kata", ukimtajia namba kwenye mzani anasikia nyingine, mjukuu akiongea anamwambia ongea vizuri acha kumung'unya. Mtoto hamung'unyi. Nyumbani wanaanza kusema baba amekuwa mkali, baba hajibu salamu, kumbe hasikii. Hilo linaniuma sana kwenye kazi hii ya kupima masikio, maana mtu anapoletwa kupimwa anakuwa ameshagombana na nusu ya ukoo.

Sasa tuje kwenye vizibo. Vile vya sponji wengi mmeviona, kazini mnapewa kwenye kipaketi, kimeandikwa kinapunguza desibeli 29 au 33. Ile namba ni ya maabara, mtu amevalishwa na mtaalamu. Nyie mnavyovivaa mimi nimeangalia, mnakichomeka pale mlangoni kinaning'inia, hicho hakizuii kitu, mara nyingi hata nusu ya namba ile hupati. Kizibo cha sponji unakisokota na vidole visafi mpaka kiwe chembamba hakina mkunjo, mkono wa pili unapita juu ya kichwa unavuta sikio juu na nyuma, tundu linanyooka, unakiingiza ndani, unakishikilia na kidole sekunde 20 mpaka 30 kivimbe humohumo. Alafu jipime: ziba masikio kwa viganja vyote viwili huku kelele ipo, uachie, uzibe, uachie. Ukisikia tofauti kubwa ujue kizibo kinavuja, kitoe anza upya.

Ila hata ukikivaa vizuri kuna kitu kingine, na hiki ndo kimenileta hapa leo. Tuseme uko kwenye desibeli 100 masaa 8, na una kizibo kinachopunguza 30 kweli kweli. Umebaki na 70, safi. Sasa katikati ya siku unakitoa, kinauma, jasho, supavaiza kaja anaongea husikii. Ukikitoa jumla ya saa moja tu kati ya yale 8, wastani wa siku yako unakuwa 91. Yani kile kizibo cha 30 kimekufanyia kazi ya 9. Ukikaa nacho nusu ya muda na nusu umekitoa, unapata 3. Tatu! Namba kwenye paketi haina maana yoyote kama kizibo kiko mfukoni. Mi ningempa mtu kizibo cha 15 anachokivaa kutwa nzima kuliko cha 33 anachokitoa kila akitaka kuongea.

Kwaiyo swali la kweli ni hili, kwanini watu wanavitoa? Nimewauliza wengi tu, majibu ni yaleyale: vinauma, vinachomoka, na sisikii mtu akiniita. Vya kupimwa, vinavyotengenezwa kwa umbo la sikio lako wewe, vinajibu hayo matatu. Ni ile tofauti ya suruali ya kupimisha kwa fundi na ile ya kuchagua kwenye mtumba, mtumba unaweza ukapata inayokukaa lakini ni bahati. Na masikio hayafanani jamani, hata la kulia na la kushoto la mtu mmoja hayalingani, tundu lina kona mbili humo ndani, la mwingine nyembamba, la mwingine limeenda juu.

Kinavyotengenezwa. Kwanza anayekupima anaangalia ndani kwa kitochi cha sikio. Kama kuna nta imejaa inatolewa, kama kuna usaha au ngoma imetoboka hapo hakuna kupimwa siku hiyo, unatibiwa kwanza. Alafu anaweka kipande kidogo cha sponji au pamba chenye uzi, kinapita kona ya pili, kazi yake kuzuia ile silikoni ya kuchukulia umbo isifike kwenye ngoma. Msikubali mtu awapime bila hicho kipande, narudia, msikubali. Kisha anachanganya silikoni, inakuwa laini kama unga wa maandazi, anaisukuma kwa bomba mpaka ijae tundu na lile bakuli la nje la sikio. Unakaa kama dakika 5, wengine watakwambia fungua mdomo, tafuna tafuna kidogo, kwa sababu taya ikicheza tundu linabadilika umbo, na wewe kazini utaongea na kula. Ikishakauka inatolewa, ndo umbo lako hilo, linaenda maabara linatengenezewa kizibo cha silikoni au cha plastiki ngumu ya akriliki. Kwa mtu wa kazi za jasho mi napenda silikoni, laini, hainyanyasi ukitafuna.

Dada pale anauliza kama atasikia watu wakimwita. Ndio, na hapo ndo utamu wake. Kizibo cha kawaida kinaua zaidi sauti nyembamba kuliko nene, ndo maana mtu anaonekana anaongea yuko ndani ya blanketi. Hivi vya kupimwa vinawekewa filta ndogo inayopunguza sauti zote kwa kiasi kinachokaribiana, nene kwa nyembamba, kwaiyo mziki unabaki mziki na maneno yanabaki maneno, vyote vimeshuka tu. Filta ya kwanza iliyofahamika hivyo ilitolewa mwaka 1988 na Etymotic Research ya Marekani kwa ajili ya wanamuziki, ER-15, inapunguza kama 15, baadae kukawa na ya 9 na ya 25. Madijei na ma-MC mlioko hapa, hiyo 15 ndo yenu, na wapiga ngoma wanaokaa karibu na spika waitazame 25. Wa grenda na nyundo chukueni ya 25 au isiyo na filta kabisa. Ila msikimbilie kujiziba kupita kiasi, mtu anayeziba mpaka hasikii honi ya foklifti bandarini amejitafutia ajali. Lengo sauti inayobaki sikioni iwe 75 mpaka 80, inatosha.

Sauti yako mwenyewe mwanzoni itavuma kichwani, utaona ajabu, wiki ya kwanza wengi wanalalamika. Vaa kidogo kidogo nyumbani mpaka uzoee. Kama kinaumiza sehemu moja usivumilie, rudi kinachongwa. Kuosha ni maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, toa filta kwanza, kausha. Mafundi nawajua, petroli hapana! Na usikiache juu ya dashibodi ya bajaji na jua la Mtwara. Usimwazime mtu. Miaka 3 mpaka 5 hivi unapimwa upya, mapema zaidi kama umenenepa au umekonda sana, na mtoto mapema zaidi maana sikio lake linakua.

Bei, mzee, ni kubwa, sitakuficha, na sio kitu cha kukinunua Soko Kuu. Wanaotengeneza umbo la sikio la kuvalia shimesikio, kile kifaa cha kumsaidia mtu asikie, ndo hao hao wenye ujuzi, kwaiyo anza na daktari wa masikio kwenye hospitali ya rufaa uulize akuelekeze. Aliyeajiriwa asitoe mfukoni kimyakimya: sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akulinde na akupe vifaa vya kinga, kaeni wote muombe kwa maandishi. Na mpulizaji wa korosho asiye na mwajiri, chama cha msingi cha ushirika kinashughulikia pembejeo, kwanini kisiagize na katoni ya sponji? Hilo mkalisemee kwenye mkutano. Sponji iliyovaliwa vizuri, kutwa, ni kinga ya kweli, msikae mnasubiri vya kupimwa huku masikio yanaliwa.

Pamba haisaidii mama, inapunguza kidogo sana. Hedfoni za simu nazo sio kinga, kijana anaziweka sauti juu ili kuishinda mashine, amejiongezea.

Kuhusu unyago na jando. Spika zinapangwa kama ukuta, mziki unakesha, na watoto ndo wanapenda kukaa mbele kabisa wanaweka mgongo kwenye spika wasikie besi. Hakuna anayetaka kuzuia sherehe za watu, mi mwenyewe nacheza. Ila uwanjani kila ukiongeza umbali mara mbili zinashuka desibeli kama 6, kwaiyo mtoto aliyekuwa mita 2 ukimpeleka mita 8 umempunguzia kama 12, bila shilingi. Fungeni kamba mbele ya spika, wekeni mtu mzima mmoja asimamie. Dijei naye ageuze spika zitazame uwanja, sio nyumba yenye kichanga.

Na wazee wa pwani wananiuliza habari ya baruti za samaki. Mlipuko wa karibu unaweza kuharibu sikio kwa mara moja, sio miaka, na kizibo usikitegemee hapo. Ukipata mlipuko sikio likaziba ghafla nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri lifunguke lenyewe.

Basi tuingie kwenye kupima. Meza ya vipimo iko chumba cha nyuma, tulivu, mnaingia mmoja mmoja, naomba simu zizimwe na watoto wabaki nje. Aliyewasha mashine leo asubuhi au aliyekesha kwenye mziki jana asiingie leo, masikio yanatakiwa yapumzike kama masaa 14 ndo kipimo kiwe cha kweli, aandikishe jina kwa dada pale mlangoni aje kesho kabla ya kwenda shamba. Waliobaki, tuanze na wapulizaji.