Siku ya Tatu Wodini

Wazazi wangu, ndugu zangu, habari za jioni. Mwenyekiti wa mtaa kanipa muda mfupi, na najua wengine mmefunga biashara ili mje. Ile methali ya mficha maradhi mnaijua wote, kwa hiyo siisemi. Nataka tuzungumze juu ya kilio cha anayeficha uraibu: kinatokea wapi, lini, na nani anakuwepo.

Naanza na pombe. Tukitaja uraibu mnawaza mateja wa kijiweni, wakati mabingwa wa kuficha wanavaa suti. Chukueni baba mmoja, mtumishi, mtu wa heshima zake. Kila usiku, miaka na miaka, chupa ya pombe kali, asubuhi anatafuna karafuu na iliki. (Naona mama pale nyuma anacheka, anamjua mtu.) Mke anajua, watoto wanahisi. Siku moja baba anateleza bafuni, nyonga inavunjika, analazwa kusubiri upasuaji. Nesi anauliza, "Baba, unatumia kilevi?" Mama mkwe kasimama pale pale na chupa ya uji. Baba anajibu hapana. Mke anageukia dirishani. Faili linaandikwa hapana.

Siku ya kwanza mikono inatetemeka, wanasema maumivu. Usiku jasho linalowesha shuka. Siku ya tatu anaona wadudu wanapanda ukutani, anang'oa dripu, anamwita kaka yake aliyekwishafariki. Hapo familia inaanza kumtafuta shehe, wengine mchungaji. Sikatazi dua. Lakini huyu hajapagawa. Ubongo uliozoea kupozwa na pombe kila siku umenyimwa ghafla, sasa ni gari lililokatika breki mteremkoni: moyo unakwenda mbio, homa inapanda, degedege linaweza kumkamata, na watu hufa hivyo. Tiba inajulikana, ni dawa za jamii ya diazepamu pamoja na vitamini B1. Nesi angejibiwa ndiyo, baba angeangaliwa kwa karibu tangu siku ile ya kwanza.

Kwa hiyo mnywaji wa kila siku anayeamua kuacha kimyakimya nyumbani, labda Ramadhani au Kwaresima imekaribia, nia yake nzuri ila njia ni ya hatari. Aache akiwa mikononi mwa daktari.

Unga, yaani heroini, una mambo yake. Arosto, yale mateso ya mwili uliokosa unga, inatesa vibaya, lakini kinachoua zaidi ni kuzidisha. Heroini ikizidi, pumzi inapungua mpaka inakoma. Mwenzake angekuwa karibu angemgeuza ubavu, angepiga kelele, angemkimbiza hospitali. Ipo dawa ya naloksoni inayoweza kurudisha pumzi ndani ya dakika chache. Sasa huyu kajifungia chooni kwa sababu nyumbani wanaamini ameacha.

Na hapa nawagusa wazazi. Kijana anapelekwa kijijini wiki kadhaa "akapumzike", anarudi kanenepa, tunashukuru, tunawaambia majirani alikuwa anasaidia shamba. Mwili wake kule umepoteza uzoefu wa unga. Akiteleza mara moja tu na kipimo chake cha zamani, kipimo kile kile alichokuwa akikimudu, kinaweza kumuua. Wakati ambao familia inajipongeza ndio wa hatari kuliko yote, na hakuna aliyeambiwa amwangalie.

Mfano mwingine, huu hata wahudumu wa afya wenzangu unawapita. Mtu yuko kwenye methadoni, dawa anayopewa kliniki badala ya heroini, hajamwambia yeyote. Anapata kifua kikuu, anaanza dawa kwenye kliniki nyingine, na humo mna rifampisini. Rifampisini inalifanya ini livunje methadoni haraka mno. Siku chache baadaye arosto imerudi. Yeye anaona methadoni imemshinda, anarudi kijiweni. Kumbe kliniki zingeongea, dozi ingepandishwa basi.

Kwa mama mjamzito anayetumia heroini ni hivyo hivyo: asikate ghafla kwa siri, ujauzito unaweza kuharibika. Aseme kliniki, methadoni hutumika hata kwa wajawazito, na mtoto akizaliwa wauguzi wanajua cha kuangalia.

Simlaumu anayeficha. Anaogopa kufukuzwa, anaogopa polisi, na mwanamke anaogopa mara mbili, maana mwanamume tunamwita mgonjwa, yeye tunamwita malaya. Wala sisemi mtu atangaze mtaani. Ajue anayekutibu, na ajue mmoja unayeishi naye, yule mwenye uwezo wa kufungua mlango.

Kuna karatasi imeletwa hapa: "Mwanangu nikimpeleka, watamkamata?" Mama, au baba, sijui nani kaandika. Kliniki ya methadoni pale hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, imefanya kazi tangu mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala, Temeke na kwingine. Anapokelewa kama mgonjwa. Dawa ni ya maji, anainywa mbele ya mhudumu, kila siku, bila malipo. Zipo pia asasi za mitaani zinazowafuata vijana vijiweni na kuwapeleka kliniki. Muulizeni mhudumu wa afya wa mtaa wenu. Akienda, aende na mtu wa nyumbani, na abebe kadi za dawa zake zote, hata zile ambazo hataki uzione.