Hesabu mabasi kabla ya kumwaga zege

Habari za asubuhi, ndugu maofisa mipango, wahandisi na waheshimiwa madiwani. Mada ni mpango mkakati wa usafiri wa umma mjini. Nitaitumia Dar es Salaam kama daftari la mazoezi, kwa sababu ndiko mwendokasi, yaani mabasi makubwa yenye njia yao pekee, ulikoanzia hapa nchini, na makosa yake yako barabarani, kila mtu anayaona.

Mipango mingi huanza na ramani. Mistari ya rangi inachorwa, unapimwa upana wa barabara, zinakuja picha za vituo, na mwisho kabisa mtu anakumbuka kuuliza mabasi yatatoka wapi. Nataka muipindue safari hiyo. Anzeni na abiria wa saa moja asubuhi, mjue anahitaji basi kila baada ya sekunde ngapi. Hapo mtajua idadi ya mabasi, mabasi yatawaambia ukubwa wa kituo, na kituo kitawaambia upana wa barabara.

Tazameni yaliyotokea. Awamu ya kwanza, kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kubeba abiria Mei 2016. Mpango kamili ulihitaji mabasi 305. Huduma ya mpito ikaanza na 140. Barabara ya Mbagala, awamu ya pili, kilomita 20.3, zege lake lilikauka mapema, vituo vikasimama vitupu, na mabasi yake yakaja 2025. Wahandisi wa barabara walifanya kazi yao. Kilichokosekana ni mtu wa kulinganisha kalenda ya zege na kalenda ya basi.

Sasa kuhesabu abiria. Hesabuni Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Jumatatu na Ijumaa zina tabia zao. Msihesabu shule zikiwa zimefungwa, wala mwezi wa Ramadhani, maana jioni watu wote wanakimbilia futari na kilele cha abiria kinawahi. Asubuhi anzeni saa 11:30 hadi saa 3, jioni saa 10 hadi saa 2 usiku. Mhesabuji asimame pale daladala zinapopita zikiwa zimejaa kuliko kwingine kokote kwenye njia, si stendi, na aandike aina ya gari, muda na ujazo kwa ngazi tano: siti zipo, level siti (zimejaa, hakuna aliyesimama), wachache wamesimama, wamebanana, wananing'inia mlangoni. Ngazi hizo mtazigeuza idadi baadaye kwa kuhesabu siti za daladala za njia hiyo, Coaster na Eicher. Kumwambia mhesabuji akadirie kichwa kwa kichwa gari likipita ni kumfundisha kubuni.

Kuna mtego ambao wageni huukanyaga. Asubuhi abiria wengi hawasubiri gari kituoni kwao. Wanapanda linaloelekea mwisho wa ruti, wanageuza nalo ili wapate siti. Mkiweka mhesabuji wa wanaopanda na kushuka bila kulijua hilo, mtaona abiria wengi wanaotoka mjini kwenda pembezoni saa 12 asubuhi, mtashangaa, na mtapanga mabasi ya kuwabeba. Si safari ile, ni foleni ya siti. Kinyume chake ni konda anayekatisha ruti: gari la Mbezi linaishia Kimara, abiria analipa mara mbili, na kwenye karatasi anaonekana watu wawili. Kwa hiyo lazima pia muwaulize abiria wenyewe wametoka wapi na wanafika wapi.

Mkipata namba, kokotoeni. Nitoe njia ya mfano, si ya jiji lolote: kilomita 16, na abiria 10,000 kwa saa kwa upande mmoja kwenye kipande chenye msongamano mkubwa kuliko vyote. Nasisitiza kipande. Jumla ya waliopanda njia nzima inaweza kuwa kubwa zaidi, lakini basi linapimwa pale linapojaa. Basi la mita 18 tulipe uwezo wa watu 140, na tupange kwa asilimia 85, yaani 119, kwa sababu abiria hawaji kwa mstari sawa kila dakika. Elfu kumi gawanya kwa 119 ni mabasi 84 kwa saa, basi moja kila sekunde 43.

Mwendo ukiwa kilomita 24 kwa saa, kwenda ni dakika 40, kurudi 40, na dakika 10 za kugeuza na kupumzika dereva. Mzunguko mzima dakika 90, sekunde 5,400. Gawanya kwa 43: mabasi 126 barabarani. Ongeza asilimia 10 ya akiba, ni 139. Akiba ya 10 ni ya mabasi mapya. Yakizeeka wekeni 15 hadi 20.

Sasa badilisheni namba moja tu. Mwendo ushuke hadi kilomita 16 kwa saa, kwa sababu ya taa, bodaboda kwenye njia ya basi na milango inayochelewa kufungwa. Mzunguko unakuwa dakika 130. Mnahitaji mabasi 182, na pamoja na akiba 200. Mabasi 61 zaidi, kubeba watu walewale! Kwa hiyo anayewaletea mpango wa kununua mabasi bila kuwaambia amechukua mwendo gani, mrudishieni karatasi yake.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ndio ule wananchi wanaoulalamikia. Tuseme katika yale 126, mabasi 36 yamelala karakana kwa kukosa vipuri. Yanabaki 90, basi moja kila dakika, 60 kwa saa. Kwa watu 119 kila moja mnabeba 7,140, na 2,860 wanabaki kituoni kila saa. Hata mkiwajaza 140 kila basi, bado 1,600 wameachwa, na wale waliobanana wanachelewesha milango, mwendo unashuka, mabasi yanayohitajika yanaongezeka. Ni shimo linalojichimba.

Na basi la mwendokasi haliazimwi. Basi la kawaida lina mlango kushoto na sakafu ya chini. Kituo chetu kiko katikati ya barabara, tunaendesha kushoto, kwa hiyo milango lazima iwe kulia na sakafu iwe sawa na jukwaa. Yakiharibika yenu, hamwendi kukodi ya jirani. Kwa sababu hiyo bajeti ya vipuri iandikwe pamoja na bajeti ya mabasi, siku ileile. Milango ndiyo huanza kusumbua: basi linalofanya mizunguko 8 kwa siku likisimama vituo 20 kila upande linafungua na kufunga milango mara 320. Mpango usioonyesha nani anaweka stoo ya milango, mifuko ya hewa inayobeba uzito wa basi, breki na matairi haujakamilika.

Twende kituoni. Basi moja likisimama sekunde 30 na kuhitaji 12 kuondoka na kumpisha linalofuata, nafasi moja ya kusimama inashikwa sekunde 42 kwa kila basi. Lakini msipange nafasi hiyo ishikwe muda wote. Ikipita asilimia 40 foleni ya mabasi huanza kujitokeza nyuma ya kituo. Asilimia 40 ya sekunde 3,600, gawanya kwa 42, ni mabasi 34 kwa saa. Mabasi 84 yanahitaji nafasi tatu. Mkijenga mbili kwa sababu kiwanja kilibana, mmeamua siku hiyo kwamba njia haitabeba watu 10,000, hata kama hakuna aliyeandika hivyo kwenye muhtasari wa kikao. Njia ya kupishana kituoni inasaidia, kwa kuwa basi la moja kwa moja halisubiri linalosimama kila kituo. Awamu ya kwanza ya Dar ilijengwa na upishano huo. Ni mita chache za ardhi ambazo wapima ramani hupenda kuzipunguza, msikubali.

Tiketi nayo ni hesabu. Dirisha moja likimhudumia mtu kwa sekunde 6, linatoa watu 600 kwa saa. Kituo cha mwisho chenye abiria 6,000 kwa saa asubuhi kinahitaji madirisha 10. Mwaka 2016 nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650. Mtu akitoa noti ya 1,000, chenji ni 350: sarafu ya 200, ya 100 na ya 50. Sarafu zikiisha, sekunde 6 zinakuwa 12 na mnahitaji madirisha 20 ambayo hayapo. Foleni ya tiketi ikifika barabarani watu husema mabasi hayatoshi, kumbe basi limeondoka na nafasi. Ama mweke kadi inayofanya kazi kila siku, ama mpange nauli inayolingana na sarafu zilizopo mifukoni. Ya pili inaonekana ndogo mno kwa mpango mkakati, lakini ndiyo rahisi kuliko zote.

Taa za barabarani nitazipita haraka. Mzunguko wa taa ukiwa sekunde 120, mabasi 84 kwa saa yanakuja karibu matatu kwa kila mzunguko, na kituo cha nafasi tatu kinayapokea. Askari akizima taa na kushikilia upande mmoja dakika sita, yanakusanyika nane. Yakiachiwa yanafika kituoni nane kwa pamoja, na nyuma yake hakuna basi kwa dakika kadhaa. Kukaeni na trafiki mapema, wapewe namba ya juu ya kushikilia njia ya basi, dakika mbili kwa mfano, na wawe na redio ya chumba cha uongozaji wa mabasi.

Mabasi mlisho, yale yanayoleta abiria kwenye njia kuu, na daladala ndipo siasa ilipo. Kuondoa daladala kwenye njia kuu ni sahihi, maana huwezi kulipia mfumo wa gharama ukishindana na gari linalobeba abiria wa kilele tu. Lakini mwenye gari naye alikuwa na mkopo, konda na suka (dereva) wake walikuwa na hesabu ya tajiri, pesa ya kumpelekea mwenye gari, kila jioni. Mkiwafukuza bila kuwapa ruti za mlisho au hisa, watarudi kwa mlango wa nyuma. Na abiria wa Mbezi aliyekuwa anafika Kariakoo kwa gari moja, akalazimika kubadilisha Kimara. Dakika moja ya kusubiri kwenye jua ina uzito kuliko dakika moja ndani ya basi, wapangaji huizidisha mara mbili kwenye mahesabu yao. Kwa hiyo basi mlisho lishushe ndani ya geti la kituo kikuu, tiketi moja. Nauli ya 2016 ilikuwa 400 kwa mlisho, 650 kwa njia kuu na 800 kwa zote mbili, mpangilio mzuri, kwa sababu kubadilisha basi kulikuwa na unafuu wa shilingi 250.

Mkataba wa mwendeshaji. Ukimlipa kwa kichwa cha abiria, atajaza asubuhi na kupotea mchana. Ukimlipa kwa kilomita bila kukagua, atazungusha mabasi matupu saa 8 mchana na kudai. Wengi wetu tunapendelea kilomita, lakini zile zilizopangwa na chumba cha uongozaji pekee, na makato yaliyoandikwa: basi lililokosa kuondoka, mlango mbovu, kiyoyozi kilichokufa. Mafuta yawe na kanuni yake ndani ya mkataba. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya mafuta kila mwezi, itumieni hiyo, na msisubiri mwendeshaji alie ndipo mkae kikao. Anayekusanya nauli asiwe mwenye mabasi. Mpango wa awali wa Dar uliwatenganisha, na sababu ni nyepesi: anayeshika pesa na mabasi peke yake ndiye pia anayewapa ninyi takwimu za abiria.

Nimalizie na karakana, kwa sababu Jangwani bado inauma. Karakana kubwa ya awamu ya kwanza iliwekwa kwenye bonde la mto Msimbazi. Mvua kubwa ziliponyesha mto ulipanda, karakana ikaingia maji, na barabara ya Jangwani ikafungwa, njia ikakatika vipande viwili. Kwenye ramani ya mwanzo eneo lile lilivutia: kubwa, katikati ya mji, halina nyumba nyingi za kufidia. Lakini halikuwa na nyumba kwa sababu ya maji. Kwa hiyo orodha yenu ya karakana iwe na sharti la mafuriko kabla ya sharti la bei, na karakana ziwe mbili kwenye ncha mbili za njia, ili njia ikikatika katikati kila upande ubaki na mabasi, dizeli au gesi, na mafundi. Zaidi ya hayo, basi linalolala mwisho wa njia halianzi alfajiri kwa kukimbia kilomita kadhaa tupu.

Kalenda sasa. Zabuni ya mabasi na mwendeshaji itangazwe wakati mkandarasi wa barabara bado yuko kwenye tabaka za chini. Hesabuni nyuma kutoka siku ya kufungua: madereva wafundishwe kusogeza basi sawa na jukwaa, maana pengo likizidi upana wa kiganja mama mwenye mtoto mgongoni anasita na foleni inasimama. Kabla ya hapo mabasi yafike bandarini, na msamaha wa kodi uwe umeandikwa kabla meli haijaondoka. Kabla ya hapo kiwanda, na kabla ya kiwanda, saini ya benki. Jedwali la kukokotoa mabasi liko kwenye meza ya mlangoni. Wa Dodoma na Mwanza mlioleta namba zenu, tuanze na maswali yenu.