Ukoo wa Habu

SALMA: Kabla Bakari hajaanza na karatasi yake, maana leo amekuja na karatasi, wapenzi wasikilizaji, ameandika mafunzo matano, naomba nitoe la moyoni.

BAKARI: Toa, dada. Karatasi haiozi.

SALMA: Jumatano usiku nahamisha sauti za kipindi kwenda diski ya nje. Diski iko kwenye habu, kile kidude cha USB cha kuongeza matundu ya laptopu. Kibodi iko kwenye habu. Maiki, habu. Skrini, habu. Laptopu ikaniambia betri inakwisha. Nikachukua chaja, nikaichomeka kwenye habu, pale pale palipochorwa alama ya chaja. Skrini ikazima, ikawaka. Diski haipo.

BAKARI: Ilikuwepo. Ilipepesa tu.

SALMA: Mnamsikia? Hata pole hakuna.

BAKARI: Pole, jamani. Sauti zilipotea?

SALMA: Faili moja lilikatika katikati, ila kinasa sauti kilikuwa bado na nakala. Mimi siongelei faili. Naongelea kifaa kimechorwa chaja, unaweka chaja, kinakukatia kazi.

BAKARI: Kwa sababu mpaka dakika ile habu ilikuwa inakula umeme wa laptopu. Ukichomeka chaja, mambo yanageuka. Sasa umeme unatoka kwenye chaja, unapita kwenye habu, habu inachukua fungu lake, unaobaki unaingia kwenye laptopu. Hao watatu lazima wakubaliane upya, volti ngapi, ampea ngapi. Na habu nyingi, wakati mazungumzo hayo yanaendelea, zinakata umeme kwa vyote vilivyochomekwa. Ni kitambo kidogo. Kibodi inarudi hata hujagundua. Diski iliyokuwa inaandika ndiyo inayoumia.

SALMA: Na ukiichomoa chaja?

BAKARI: Vilevile. Upo utaratibu wa kubadilishana zamu haraka bila kukatika, umo kwenye kanuni zenyewe za USB, lakini lazima habu iwe nao na laptopu iwe nao. Kwa hiyo chaja inatangulia, kazi inafuata, na usiiguse mpaka umalize kunakili. Ndilo funzo la kwanza hilo, nimelipita bila kulitangaza.

SALMA: Usitangaze. Maana sijamaliza. Baada ya hapo nikaona habu imejaa, nikatafuta ile ya zamani ya matundu saba, nikaichomeka kwenye hii mpya.

BAKARI: Habu kwenye habu?

SALMA: Ndiyo. Imezaa.

BAKARI: [anacheka] Ngoja. Ya matundu saba uliyochomeka, hiyo yenyewe tayari ilikuwa na mtoto.

SALMA: Vipi?

BAKARI: Chipu za habu za kawaida zina matundu manne. Kupata saba, mtengenezaji anaweka chipu mbili. Ya pili inakaa kwenye tundu moja la ile ya kwanza. Matatu yaliyobaki, jumlisha manne, saba. Umewahi kujiuliza kwa nini habu nyingi ni za saba na siyo nane?

SALMA: Kumbe nimeingiza mjamzito nyumbani!

BAKARI: Sasa hesabu vizazi. Laptopu ndiye bibi. Habu yako mpya, mwana. Ile ya saba, mjukuu. Chipu iliyo tumboni mwake, kitukuu.

SALMA: Na nikichomeka nyingine hapo, kilembwe.

BAKARI: Kilembwe. Na nyingine, kining'ina. Na hapo ndipo mwisho. Sikutanii, kanuni ya USB inaruhusu habu tano tu kwa mfululizo kutoka kwenye laptopu. Kining'ina anaweza kubeba kipanya, lakini habu ya sita haipokelewi.

SALMA: Ukoo mzima unaruhusiwa watu wangapi?

BAKARI: 127. Anwani zinaandikwa kwa biti saba, sifuri imewekwa kando kwa mgeni ambaye hajapewa anwani, zinabaki 127. Na habu nazo zinahesabiwa humo.

SALMA: Kwa hiyo kila ukizaa habu unapunguza nafasi ya kipanya. Na skrini yangu ina matundu ya USB nyuma. Hiyo nayo ni nani?

BAKARI: Ina habu ndani.

SALMA: Basi ni mkwe. Kaja na watu wake.

BAKARI: Na kuna kibodi zina tundu ubavuni.

SALMA: Hao ni watoto wa nje. Hatuwazungumzii hewani.

BAKARI: [anacheka] Haya, turudi. Funzo la pili ni umeme.

SALMA: Mirathi.

BAKARI: Salma.

SALMA: Si ndiyo? Bibi ana kiasi fulani, kinagawanywa kwa kila kizazi. Niambie bibi ana nini.

BAKARI: Tundu la USB 2, toleo la zamani la polepole, linatoa miliampea 500. Lile la USB 3, toleo la kasi, la umbo la zamani, 900, ambazo ni wati nne na nusu. La USB-C, lile dogo linaloingia upande wowote, laweza kufika ampea tatu, wati 15, ila si kila laptopu inatoa zote. Sasa habu isiyo na umeme wake, kwa kanuni ya USB 2, inapokea 500, yenyewe inakula 100, kila tundu kati ya manne linapata 100.

SALMA: Mjukuu kapata 100. Kitukuu je?

BAKARI: Hana chake. Habu inahitaji 100 ili iamke tu, watoto wake wale nini? Kwa hiyo kikanuni habu isiyo na umeme wake haitakiwi kuchomekwa kwenye nyingine isiyo na umeme wake.

SALMA: Lakini watu wanachomeka na zinafanya kazi.

BAKARI: Zinafanya kazi kwa sababu habu nyingi hazijali kanuni. Zinaachia waya wa umeme wazi, anayewahi kuvuta anavuta. Kibodi na kipanya wanakula kidogo, kwa hiyo unadhani mambo ni shwari. Siku unachomeka diski ya sahani inayozunguka, inapoanza kuzunguka inataka umeme mwingi kwa mara moja, volti inashuka, utasikia tik, tik, tik.

SALMA: Ugomvi wa mirathi.

BAKARI: Ndiyo hiyo tik. Sahani inajaribu kuzunguka, inashindwa, inaanza upya. Ukiisikia, chomoa, kwa sababu ukiendelea kung'ang'ania, faili ndizo zitakazolipa. Diski ya namna hiyo inataka tundu la laptopu lenyewe au habu yenye adapta yake ya ukutani.

SALMA: Yaani habu yenye mshahara. Haitegemei urithi.

BAKARI: Nilikuwa naelekea kusema hivyo kwa heshima zaidi.

SALMA: Karatasi yako inasema nini tena?

BAKARI: Kipanya kinachorukaruka. Kisichotumia waya. Unakisogeza, kinasita, kinaruka upande wa pili wa skrini. Watu wanabadilisha betri, wananunua kingine. Mara nyingi kosa halimo kwenye kipanya.

SALMA: Ni jirani.

BAKARI: Hapo umepatia. Kile kidude cha kupokea mawimbi kinatumia gigahezi 2.4. Na USB 3 ikisafirisha data inatoa kelele ya redio inayoangukia hapo hapo. Intel waliandika waraka mzima kuhusu jambo hilo mwaka 2012. Kwa hiyo ukichomeka kipokezi kwenye habu, bega kwa bega na diski ya USB 3, kila unaponakili faili kipanya kinalewa. Dawa ni waya mfupi wa kurefusha wa USB 2. Kitoe kipokezi mbali na habu, kiweke karibu na mkono.

SALMA: Mtoto mpole amelazwa chumba kimoja na mpiga ngoma.

BAKARI: Umeshindwa kabisa kuacha ukoo huu?

SALMA: Mimi? Nani alimleta kining'ina? Halafu nisaidie hapa. Kibodi yangu ni ya polepole. Nikiiweka kwenye habu moja na diski, si inaivuta diski nyuma?

BAKARI: Hapana. Ndani ya habu ya USB 3 kuna habu mbili kwenye ganda moja. Moja ya USB 3, nyingine ya USB 2, kila moja na nyaya zake. Kibodi inapita njia ya USB 2, diski njia nyingine, hawakutani.

SALMA: Mapacha!

BAKARI: Nilijua. Nilijua kabla sijafunga mdomo.

SALMA: Wanaoshiriki njia ni nani basi?

BAKARI: Diski na diski. Habu ya gigabiti 5 kwa sekunde ni gigabiti 5 kwa wote kwa pamoja, hata iwe na matundu kumi.

SALMA: Sawa. Sasa nikwambie nilichoamua baada ya Jumatano. Chaja peke yake, kwenye tundu lake. Diski moja kwa moja kwenye laptopu. Skrini kwenye tundu lake la picha, la HDMI. Habu ibaki na wadogo tu, kibodi, kipanya, printa. Chochote ambacho kikikatika kinaniliza, hakipiti kwa mtu wa kati.

BAKARI: Hapo sikubali.

SALMA: Nilijua.

BAKARI: Umeumwa na habu moja inayonyonya laptopu, unahukumu habu zote. Doki, yaani habu kubwa ya kukaa mezani, yenye adapta yake haikufanyii hivyo. Asubuhi unaweka laptopu, kebo moja, basi. Skrini, intaneti ya waya, diski, chaja, vyote. Chaja haiingii katikati ya kazi kwa sababu haikutoka. Na vilivyochomekwa vinakula umeme wa ukutani, havina habari na betri yako.

SALMA: Na kebo hiyo moja ikilegea?

BAKARI: Hailegei.

SALMA: Bakari. Kebo ya USB-C. Hailegei?

BAKARI: Inalegea ukiivuta kila saa. Na wewe ndiye utakayechomoa nyaya nne kila ukiinuka na nne kila ukirudi.

SALMA: Nikichomoa diski nachomoa diski. Wewe doki yako ikipepesa, skrini imekwenda, intaneti imekwenda, diski imekwenda, na humjui mwenye kosa. Ni kebo? Ni doki? Ni adapta? Utakaa usiku kucha unahoji mashahidi.

BAKARI: Humjui mwenye kosa hata kwenye mpango wako. Unazo nyaya nne za kushuku.

SALMA: Ila kinaanguka kimoja. Kinachoanguka ndicho chenye kosa.

BAKARI: Na laptopu yenye matundu mawili tu, yote ya USB-C? Hazina HDMI hizo. Chaja kwenye moja, diski kwenye jingine, skrini utaishika mkononi?

SALMA: Huyo atumie habu kwa skrini.

BAKARI: Ahaa! Mtu wa kati.

SALMA: Kwa skrini. Skrini ikipepesa sipotezi faili. Diski haiingii kwenye habu.

BAKARI: Doki ya Thunderbolt 4, ile njia ya kasi kubwa inayopita kwenye tundu la umbo la C, ina gigabiti 40 kwa sekunde, inabeba skrini mbili za 4K, zile za picha kali, pamoja na diski ya kasi, haitoi jasho.

SALMA: Kwa laptopu yenye Thunderbolt. Tundu la C kwa sura ni lile lile, moja lina Thunderbolt, la pili lina chaja na data tu, hata picha halitoi. Mtu ananunua doki yako anarudi nyumbani na kitu kisichowasha skrini.

BAKARI: Asome alama ya radi pembeni ya tundu, asome maelezo ya laptopu yake.

SALMA: Kila mpango wako unaanza na "asome".

BAKARI: Na kila mpango wako unaanza na "anunue nyaya nyingine".

SALMA: Sijasema anunue.

BAKARI: Habu, kebo ya HDMI, kebo ya diski, chaja...

SALMA: Anavyo tayari!

BAKARI: Mimi nabaki na doki.

SALMA: Mimi diski yangu haiendi huko.

BAKARI: Haya.

SALMA: Haya.

BAKARI: ...Umekasirika?

SALMA: Natazama saa. Tuna dakika mbili.

BAKARI: Mbili? Nimebakiza mafunzo mawili! Sijagusa kebo.

SALMA: Acha kebo. Kuna msikilizaji aliuliza, nilimwahidi. Anasema skrini yake ya 4K ikipita kwenye habu inaonekana nzito, kipanya kinaacha mkia.

BAKARI: Inaonyesha picha 30 kwa sekunde badala ya 60. USB-C ina njia nne za kasi. Habu nyingi zinaipa picha njia mbili, data njia mbili. Kwa laptopu zenye toleo la zamani la DisplayPort, kanuni ya kusafirisha picha, yaani 1.2, njia mbili hazitoshi 4K kwa 60. Kwa 1.4 zinatosha, ikiwa habu nayo ni ya 1.4. Aingie kwenye mipangilio ya skrini aone imeandikwa 30 au 60.

SALMA: Na mwenye Mac aliyeweka skrini mbili kwenye habu, zote zinaonyesha kitu kimoja?

BAKARI: macOS, mfumo wa Mac, haigawi ishara moja ya DisplayPort kuwa skrini mbili tofauti kwa njia ambayo habu hizo zinatumia. Windows inaifanya. Habu si mbovu. Atafute doki ya Thunderbolt, au ya DisplayLink, inayopitisha picha kama data ya USB, ambayo inataka programu isakinishwe...

SALMA: Kwanza ahakikishe Mac yake inaruhusu skrini mbili za nje, maana laptopu za Mac zenye chipu ya kwanza ya M1 ziliruhusu moja tu.

BAKARI: Kweli, hiyo kabla ya yote. Na kuhusu kebo, sekunde kumi, zile zinazokuja na simu nyingi ndani ni USB 2, megabiti 480, kwa hiyo ukiiunganisha diski ya gigabiti 10...

SALMA: Tumemaliza. Bakari na karatasi yake mtawapata wiki ijayo.

BAKARI: ...itakwenda polepole na hutajua kwa nini, kwa sababu kwa nje kebo zote...

SALMA: Nimeshazima maiki yako, kaka.