Neno la Nahodha: Michezo ya Kompyuta Inayoendeshwa kwa Sauti, na Amri za Kiswahili

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mlioitikia mwaliko, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi ambao nadhani mmevutwa zaidi na neno "gemu" lililoandikwa katika tangazo kuliko na jina la msemaji.

Nimeombwa nizungumzie michezo ya kompyuta ambayo mchezaji huiendesha kwa sauti yake badala ya kubonyeza vitufe. Mimi si mhandisi. Ni mwalimu wa Kiswahili, na nililokuja nalo ni jambo la lugha. Watu hudhani kwamba ugumu wa michezo hii uko katika sikio la mashine, na kwamba sikio hilo likishanolewa kila kitu kitakaa sawa; mimi naona kwamba sehemu kubwa ya ugumu iko katika maneno ambayo mtunzi amemchagulia mchezaji ayatamke, na kwamba vijana wetu watakapotunga mchezo wa sauti wa Kiswahili hawatafika mbali wakizichukua amri za michezo ya kigeni na kuzifasiri moja baada ya moja.

Kwanza tutenganishe sauti na neno, maana ipo michezo inayosikia sauti bila ya kujua lugha yoyote. Mashine ya kuchezea gemu iitwayo Famicom, iliyotolewa na kampuni ya Nintendo huko Japani mwaka 1983, ilikuwa na maikrofoni ndogo ndani ya pedi ya pili, yaani kile kifaa cha vitufe anachokishika mchezaji wa pili. Katika mchezo wa The Legend of Zelda wa mwaka 1986, mchezaji wa Kijapani aliweza kuwaua viumbe wenye masikio makubwa waitwao Pols Voice kwa kuipigia kelele maikrofoni hiyo. Mchezo ulipopelekwa Marekani, pedi za huko hazikuwa na maikrofoni, na ikabidi viumbe hao wauawe kwa silaha za kawaida, hasa mishale. Lakini kitabu cha maelezo kiliendelea kumwambia mchezaji kwamba viumbe hao wanachukia kelele. Fikirieni mtoto aliyekaa mbele ya televisheni akipiga mayowe mpaka koo linamkauka, na kiumbe anazidi kuruka tu. Hilo ndilo tunda la kufasiri maneno na kuacha nyuma kile kilichoyapa maneno maana, na nawaomba mlikumbuke tutakapofika kwetu.

Michezo ya kuimba, kama SingStar ya Sony iliyoanza mwaka 2004, nayo ilipima kimo cha sauti na wakati wa kuitoa, kiasi kwamba mtu aliyeguna wimbo kwa kufuata mahadhi aliweza kupata alama nzuri bila ya kutamka hata neno moja la shairi. Wapenzi wa taarab mliomo humu mnaweza kuipima wenyewe hukumu hiyo. Mwaka 2017 ukaenea mchezo wa simu kutoka Japani ambao kijitu chenye umbo la noti ya muziki hutembea ukisema kwa sauti ndogo na huruka ukipiga kelele. Hii yote ni michezo ya kishindo na kimo, na haitatuweka sana.

Mambo huwa mazito mashine inapotakiwa kutambua neno. Maikrofoni hugeuza msukumo wa hewa kuwa umeme, na umeme huo hupimwa, kwa kazi za usemi, aghalabu mara 16,000 katika kila sekunde. Mfululizo wa vipimo hivyo hukatwa vipande vifupi, kwa kawaida vya milisekunde 25 hivi, na programu huvilinganisha na sauti ilizofunzwa nazo. Mwisho wa kazi hiyo programu haipati yakini, bali hupata makisio: huenda ni "ruka", huenda ni "zuka", huenda ni "shuka". Kukisia kati ya maneno kumi ni rahisi mno kuliko kukisia kati ya maneno elfu kumi, na kwa hiyo watungaji wa mwanzo walijitahidi kupunguza maneno, au kutafuta hila ya kumfanya mchezaji asikasirike pale makisio yanapokosea.

Hila hizo zinafaa kutazamwa. Mwaka 1998, huko Japani, ulitoka mchezo ambao Wamarekani waliupata mwaka 2000 kwa jina la Hey You, Pikachu!, ukichezwa katika Nintendo 64 kwa kutumia kifaa maalumu cha kutambua sauti. Kifaa hicho kilitengenezwa kifae zaidi sauti nyembamba za watoto, na watu wazima wenye sauti nene hawakusikika vizuri. Lakini Pikachu ni mnyama. Akikosa kuelewa, akaenda kuokota ua badala ya karoti uliyomtaka aokote, humwoni kuwa ni mashine mbovu. Unamwona kuwa ni kiumbe kidogo kisichotulia, na unarudia maneno yako kwa upole. Mwaka 1999 ukatoka Seaman wa mashine ya Dreamcast, samaki mwenye uso wa mtu, ambaye anapoulizwa jambo asiloweza kulijibu hujibu kwa ufidhuli. Mtunzi alilivalisha kosa la sikio vazi la tabia, na ninakiri kwamba huo ni werevu ninaouonea wivu.

Sasa ulinganishe na Lifeline, mchezo wa PlayStation 2 wa mwaka 2003, ambamo mchezaji amefungiwa katika chumba cha uangalizi cha hoteli iliyo angani, na humwelekeza kwa maikrofoni mhudumu mmoja aitwaye Rio apite katikati ya madude yanayoua. Humo karibu kila kitendo kilitegemea neno. Rio ni mtu mzima mwenye akili timamu, na hatari iko mbele yake. Anapoambiwa apige risasi naye akageuka kutazama meza, mchezaji hana pa kulitia kosa hilo ila katika mashine, na lawama nyingi zilizoelekezwa kwa mchezo huo zilitoka hapo. Teknolojia ilikuwa imesonga mbele, lakini kisa kilikuwa hakimpi mhusika sababu yoyote ya kutokusikia.

Njia ya tatu ilichukuliwa na EndWar wa Ubisoft mwaka 2008, mchezo wa vita ambao majeshi yake yaliweza kuongozwa kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Amri zake zilikuwa na mpangilio mmoja usiobadilika: kwanza nani, kisha afanye nini, kisha amfanyie nani au wapi. Ukishataja kikosi, mashine inajua kwamba kinachofuata ni mojawapo ya vitenzi vichache. Ukishataja kitenzi, inajua kwamba kinachofuata ni shabaha. Hapa Kiswahili kingeweza kufanya vizuri kuliko Kiingereza, kwa sababu ya upatanisho wetu. Nikisema "kikosi cha tatu", lile "cha" linaithibitishia mashine kwamba nilisema "kikosi" wala sikusema "vikosi", hata kama silabi ya kwanza ilimezwa na kelele za daladala. Ngeli, ambazo wanafunzi wangu wanazilalamikia kila mwaka, ni mtindo wa kusema jambo moja mara mbili ili lisipotee.

Lakini tusijisifu mapema, kwa kuwa tukiziendea amri fupi za kila mara tunakutana na vikwazo ambavyo Mwingereza havijui. Tazameni "kulia" na "kushoto". Yote mawili yanaanza na "ku", kwa hiyo mashine haiwezi kuamua lolote mpaka silabi ya pili ifike, na katika mchezo wa mbio za magari hiyo ndiyo tofauti ya kupinda na kuingia ukutani. Tazameni "simama". Mhusika aliyeinama nyuma ya ukuta akiambiwa "simama", ainuke au atulie alipo? "Panda" ni kupanda mnazi au ni kupanda mbegu? Na kukataza ndiko kugumu zaidi, kwani sisi hatuna neno la kukataza lililosimama peke yake mbele ya kitenzi. Tunakataza ndani ya kitenzi chenyewe. Programu iliyokaa ikingojea "ruka" itasikia "usiruke" na, isipofunzwa kuzingatia ile "usi" ya mbele na ile "e" ya mwisho, itamrusha mtu shimoni wakati mwenyewe unamkataza.

Liko pia suala la adabu, ambalo naliona kubwa kuliko yote. Mzanzibari hatoi amri kavu. Nilimpa mama yangu, ambaye yuko Wete, simu yenye mchezo mdogo ambao wanafunzi wangu walikuwa wakiujaribu, nikamweleza kwamba akisema "ruka", yule kijana wa ndani ataruka. Aliishika simu kwa mikono miwili, akasema: "Hebu ruka, baba, usije ukaanguka." Kijana hakuruka. Mama alingoja kidogo, akaniuliza kama nimemfundisha vibaya yule mtoto. Katika sentensi yake mlikuwemo amri, wito wa mapenzi na tahadhari, yaani kila kitu ambacho mtu mzima wa kwetu hukisema anapomtuma mtoto, na programu ilikuwa imeandaliwa kwa ajili ya neno moja tu. Mkosa pale ni nani? Sijaona namna ya kumtia hatiani mama yangu, na si kwa kuwa ni mama yangu tu.

Kwa hiyo swali langu kwa watunzi limekuwa hili: ni wapi katika maisha yetu watu hupeana amri fupi, kavu, zisizohitaji "tafadhali", na hakuna anayeona kuvunjiwa heshima? Jawabu nililolipata liko baharini. Nahodha akisema "tweka", tanga linapandishwa. Akisema "tua", linateremshwa. Akisema "bisha", chombo kinageuzwa kwenda kinyume na upepo. Hakuna baharia anayenuna. Pande za chombo nazo hazitajwi kwa kulia na kushoto peke yake, bali kwa upepo: joshini, upande unakotoka upepo, na demani, upande unakokwenda, maneno mawili yanayoachana tangu herufi ya kwanza. Lugha hii imechujwa na upepo na mawimbi kwa karne nyingi, na neno ambalo halikusikika vizuri kutoka tezini, nyuma ya chombo, hadi omoni, mbele yake, halikuweza kudumu humo.

Mchezo ninaoufikiria basi ni wa jahazi, mchezaji akiwa nahodha. Mashine ikishindwa kulitambua neno, baharia aliyeko omoni ataweka mkono sikioni na kuuliza, kwa kuwa upepo umelichukua neno. Na ikilitambua, atalirudia kabla ya kulitenda, ili nahodha apate nafasi ya kumsahihisha. Wala tusisahau kwamba tunao mfano wa zamani zaidi wa mchezo wa sauti. Mtu akisema "Kitendawili!", hakuna kinachoendelea mpaka asikie "Tega!", na asiyejua jawabu hatolewi mchezoni, hudaiwa mji, autoe, mambo yaendelee. Kushindwa kuna bei yake, na bei yenyewe inachekesha. Jahazi letu linaweza kudai vivyo hivyo: nahodha aliyeshindwa kueleweka mara tatu atoe bandari, akae humo mpaka upepo ubadilike.

Niseme kwa kifupi kuhusu wanaohitaji michezo hii kuliko sisi. Kwa mtu asiyeweza kutumia vidole vyake, sauti inaweza kuwa ndiyo njia pekee ya kuingia mchezoni, na kwake jambo hili si la anasa. Kwa mwenye kigugumizi, au kwa kiziwi, mchezo wa sauti pekee ni mlango uliofungwa. Mtunzi mwenye busara huweka njia zote mbili na kumwachia mchezaji achague.

Limebaki la lafudhi. Programu husikia kama ilivyofunzwa, na hufunzwa kwa sauti za watu walioketi wakasoma sentensi mbele ya maikrofoni. Mradi wa Common Voice, ulioanzishwa na Mozilla mwaka 2017 ili watu wa lugha mbalimbali wachangie sauti zao kwa hiari, unacho Kiswahili pia, na mlango wake uko wazi kwa yeyote mwenye simu na intaneti. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini, na jambo hilo limetufanya tuamini kwamba tutasikilizwa tu, popote pale. Lakini mashine haijui historia. Mtu wa bara anayesema "zahabu" ataeleweka, ikiwa waliosoma walisema "zahabu", na sisi tunaoitamka "dh" kwa ukamilifu ndio tutakaoonekana tumekosea. Mpemba wa shamba anayesema "ntu" na "nke", penye "mtu" na "mke" ya vitabuni, atangoja zaidi. Na mtu wa Makunduchi akisema Kikae chake, lahaja ya kusini mwa Unguja, nadhani hata baharia wa jahazi letu atakuwa na haki ya kuuliza mara tatu.

Ndiyo maana sikuja mikono mitupu. Nimeandika maneno ishirini katika karatasi hizi, kuanzia "tweka" hadi "demani", na wanafunzi wawili pale mezani wana kinasa sauti. Kila mtu atayasoma mara mbili: mara ya kwanza kama anavyosema nyumbani kwao, mara ya pili kama anavyodhani mwalimu angependa kusikia. Mwenyekiti ameniruhusu tulifanye hilo kabla ya maswali, wakati jenereta la jirani bado limezimwa. Naomba tuanze na waliotoka Micheweni.